Vioo vya Mkono Wowote

Mpendwa Baba Rehema,

Salamu za kuzunguka leo sina. Hata kuketi sijaweza. Barua hii nimeianza nikiwa nimesimama dirishani, nikahamia meza ya jikoni, sasa niko kwenye ngazi za nyuma na karatasi juu ya goti, na chai niliyojimiminia sijui nimeiacha wapi. Kesho baada ya swala ya Ijumaa watu wa Nairobi wanakuja kununua Mkono Wowote. Karakana yetu, Baba Rehema. Mashine, jina, wateja, na kile chumba cheupe ulichokijenga kwa nailoni na kelele. Nikitia sahihi, ni yao. Na mpaka saa hii, wallahi, sijui kama nitatia.

Naiandika wazi. Nikiimaliza nitaibandika kwenye mlango wa chumba cheupe, wafanyakazi waisome. Siku hizi nikipita wananyamaza, kisha nikishapita nasikia wanaanza tena. Afadhali wajue kilicho kichwani mwangu kuliko kubahatisha. Wewe ndiye hutaisoma na wewe ndiye ninayekuandikia. Aiya, dunia hii.

Mengi ya haya unayajua. Lakini niache niyaseme kuanzia mwanzo, labda nikiyaona yamekaa kwenye karatasi roho nayo itakaa.

Mimi nilikuwa karani wa duka la mbolea na mbegu hapa Kitale, wewe ulikuwa fundi wa simu kwenye kibanda cha mabati nyuma ya msikiti. Nilikuletea simu yangu kioo kimepasuka. Uliigeuzageuza, ukaipuliza, ukasema, "Simu ni mzima. Ni kioo tu ndio imeumia." Nikakuuliza bei, ukaniuliza jina. Usinikatalie, ndivyo ilivyokuwa. Siku niliyorudi kuichukua ukanishika vidole ati unanionyesha namna ya kugusa bila kukwaruza. "Hii ni mikono ya ofisi," ukasema. "Haijawahi kuona jembe." Nilikasirika nusu saa nzima, kisha nikaolewa.

Ulisilimu ukaitwa Yusuf, lakini kwenu Matulo ulibaki Wafula, na mimi tangu binti yetu azaliwe ukanifanya Mama Lehema. Nilikucheka mpaka nikachoka. "Rehema! Sema vizuri!" "Si ndio nasema? Lehema." Bana, ulimi wako na herufi hiyo hamkupatana mpaka mwisho.

Kilichokutoa kwenye kibanda ni mama yako. Wafanyakazi wapya hawajui hiki kisa, kwa hiyo nakisema. Mama alienda kwenye ofisi fulani mjini, na pale mlangoni walikuwa wameweka mashine ya kuchukua nambari ya foleni, ile ya kugusa kioo. Mama akagusa. Kimya. Akagusa tena kwa nguvu, akajaribu kidole kingine, akajaribu gumba. Kioo kinamwangalia tu. Foleni nyuma yake ikaanza kusonya. Askari wa mlangoni, kijana mwenye heshima tu, akamwambia, "Lamba kidole, mama. Lamba kidogo, itashika." Mama akatoa ulimi akalamba kidole mbele ya watu. Alipogeuka, nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama mume wa dada yako.

Mimi mtoto wa mjini, nimezaliwa karibu na msikiti kati ya watu wa kila kabila, uliponieleza nikauliza, "Sasa kwani iko nini? Si kulamba kidole tu?" Ukaniambia kwenu mama mkwe na mkwe hawashikani hata mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anachepuka. Na sasa mkwe amemwona mama akitoa ulimi kama mtoto mbele ya halaiki. Yule maskini alikuwa amejifunika uso na kofia, lakini alishaona, na mama alijua ameona. Mama aliondoka bila nambari na bila huduma. Kwa binti yake hakukanyaga tena mpaka wazee wakaketi wakasawazisha.

Wiki ile hukutengeneza simu ya mtu. Ulikuwa unatoka kibandani unaingia, unatoka unaingia. Ukaniambia, "Mama Lehema, nataka kutengeneza kioo ambayo mtu halambi kidole ndio ikubali." Nikakuuliza, "Utatengeneza na nini?" Ukasema hujui. Hicho ndicho kilinitisha, ulisema hujui huku unacheka.

Ulinielezea mezani kwa chapati mbili. Vioo vya simu za siku hizi, ukasema, havingoji kubonyezwa. Vinasikia ule umeme mdogo ulio kwenye ngozi. Ngozi ikiwa nene, imekauka, imepasuka kwa jembe na jivu na sabuni ya kufulia, havisikii kitu. Lakini kuna vile vya zamani, vya kubonyeza. Kioo chini, plastiki nyembamba juu, na katikati vinukta vidogo sana vya kuvitenganisha. Ukaweka chapati juu ya chapati na punje za chumvi katikati. Ukabonyeza. "Ya juu inashuka inagusa ya chini, umeme inapita, mashine inajua uko wapi. Haiulizi kidole ni ya nani. Hata ukibonyeza na kijiti cha mahindi." Kisha ukazila zile chapati pamoja na chumvi yake.

Watu husema ulikuwa na akili nyingi. Mimi nasema ulikuwa na kichwa kigumu. Kioo chenye rangi ya kupitisha umeme na plastiki yake vilitoka ng'ambo, vikakaa Mombasa mpaka nikakonda. Mashine ya kubandika uliinunua kwa mchapishaji aliyefunga duka, ilikuwa ya kubandika plastiki juu ya vitambulisho. Ukaifungua yote, ukaifunga, skrubu zikabaki mkononi, na ikafanya kazi. Hizo skrubu bado ziko kwenye kopo la Blue Band kabatini. Mpaka leo sijui zilitoka wapi na mashine haijauliza.

Adui yetu alikuwa vumbi. Kitale yote ni mahindi, na wakati wa kupukuchua, mashine ya kupukuchua ikiwa hata mtaa wa tatu, makapi yanaruka yanaingia kila mahali, kwenye sukari, kwenye nywele, kwenye Qur'ani. Chembe moja ikiingia kati ya plastiki na kioo, basi, hicho kioo kinajibonyeza chenyewe. Ndiyo ukajenga chumba cheupe. Nailoni ukutani, nailoni darini, sakafu inamwagiwa maji kila asubuhi, viatu mlangoni kama msikitini. Na sheria yako: aliyetoka kupukuchua haingii mpaka aoge. Mama yako alikuja kutusalimia na gunia lake la mahindi ukamzuia mlangoni! Mama yako mzazi! "Mama, oga kwanza." Matusi aliyokutukana kwa Kibukusu siku ile sikuyaelewa yote, lakini Nafula, mfanyakazi wetu aliyekuwa ndani akiosha vioo, aliyaelewa, akacheka mpaka akavunja kimoja.

Na bado chembe ikapita. Unakumbuka Kapsokwony? Ile kazi yetu ya kwanza kubwa, chama cha wafugaji, kioo cha kurekodi maziwa kwenye tangi la kupozea. Mkulima anafika na mtungi, anabonyeza jina lake, mizani inaandika. Tulipanda mlima na pikipiki mbili, kioo kimefungwa kwenye blanketi la Rehema, wewe unakipakata kama mgonjwa. Kikafungwa, kikawaka, wazee wakapiga makofi. Kabla hatujamaliza wiki wakatupigia simu. Ati mashine inampa maziwa Mzee Chemtai. Kila mtu akifika na mtungi wake, Chemtai, Chemtai, Chemtai. Na Mzee Chemtai hana ng'ombe hata wa dawa! Alijiunga na chama kwa sababu ya mikutano, anapenda kuongea. Tulipofika alikuwa amevaa koti la Jumapili anangoja malipo. Ulipofungua kile kioo, pale kwenye jina lake kulikuwa na kapi moja la hindi, dogo, limelala zake. Ulikaa chini ukashika kichwa. Mzee Chemtai akakuambia, "Kijana, si uache tu hivyo?"

Baada ya hapo ndipo ukaleta ile kawaida ya kukopa vidole. Hakuna kioo kilichotoka kwetu tena bila kupimwa na mkono wa shamba. Siku za soko ulisimama kwenye geti, kioo kwenye meza, ukiwasimamisha akina mama wa sukumawiki, wachuuzi wa maharagwe, wazee wa kutengeneza majembe. "Mama, nikopeshe kidole." Wengine walikukimbia wakidhani ni mambo ya kishetani. Baadaye wakawa wanakuja wenyewe, wanakunywa chai na mandazi, wanabonyeza pembe zote nne na katikati, kioo kinalia ting, wanashangilia. Kilichokataa mkono mmoja kilirudi ndani kikafunguliwa.

Mimi nilitaka kupima. Nilikuomba, tena si mara moja. "Wewe hapana, Mama Lehema. Mikono yako ni ya ofisi, kila kioo duniani itakukubali. Hiyo si kupima, hiyo ni kusalimiana." Nikakununia. Ukaniambia siku mikono yangu itakapojua jembe, siku hiyo utanivutia kiti mwenyewe. Sisi wawili tulijua siku hiyo haiji. Mimi na jembe? Kazi yangu ilikuwa simu, wateja, kodi, kugombana na watu wa forodha, na kuhakikisha unakula. Niliifanya vizuri, useme usiseme.

Tukafungua Bungoma, duka la kufunga na kurekebisha vioo, karibu na kwenu. Wenye posho mill za kusaga unga wakaja, maghala ya nafaka wakaja, zahanati zikaja. Na pale Bungoma ndipo ulipoanguka, asubuhi, koleo mkononi, kabla ya chai. Sitaandika zaidi ya hapo. Nimesimama, nimezunguka nyumba, nimerudi, na bado sitaandika.

Nilikaa eda. Unajua nilivyo, nikikaa bila kazi nahisi kuwashwa, lakini nilikaa kama inavyotakiwa, ndani ya nyumba hii, na Wekesa akashika karakana. Huyu mkwe wetu, mume wa Rehema, usimlaumu. Mhasibu wa watu Bungoma, kijana wa Bokoli aliyelelewa akaleleka, akiingia sebuleni kwangu mpaka leo anaacha kiti kimoja kitupu kati yetu. Yeye ndiye aliyeona mambo yanavyokwenda. Plastiki ya ng'ambo imepanda. Wateja wapya wanataka vioo vya kung'aa, vya kuteleza kidole kama kwenye simu. Vyetu vinahitaji kubonyezwa, na vikizeeka vinafifia. Vijana wanavigusa wanacheka, "Hii ni ya enzi za babu." Kampuni ya Nairobi, inayoleta vioo vilivyokwisha tengenezwa, ilipomtafuta, akaniletea habari kwa upole. "Mama, ni wakati wa kupumzika." Hakukosea. Wananunua jina na wateja. Chumba cheupe watakifunga. Nafula na wenzake watalipwa haki zao waende. Bungoma patabaki kuwa duka la kuuza tu.

Na eda ilipoisha, nyumba ilinishinda. Kila chumba kina wewe. Nilichukua begi nikaenda kwa mama yako Matulo, nikamwambia nataka kulima. Alinicheka vile Nafula alivyocheka. Kisha akanipa jembe. Kila wikendi tangu wakati huo, na siku nyingine katikati, naenda. Nikiwa nalima kichwa kinanyamaza kidogo. Shamba lako la pale chini ya kaburi lako limepandwa maharagwe, yameshika vizuri. Mama hanisifu lakini ameacha kurudia mistari niliyolima.

Sasa ndiyo hivyo. Roho moja inaniambia, uza, umechoka, umri unaenda, karakana ilikuwa yake si yako. Roho nyingine haisemi neno, inanizungusha tu. Nimeshapanga vyombo vya kabati upya. Nimeshafua mapazia safi. Kama ungekuwapo ungeniambia, "Mama Lehema, keti," na nisingeketi, lakini ningejua kuna mtu ameniambia.

Nimeiona chai. Iko juu ya tangi la maji, imepoa kabisa. Tutaonana kesho.

*

Ni Ijumaa, jioni inaingia. Naandika nikiwa karakana, nimesimama kwenye meza ya kupimia. Ngoja nikueleze, na nikieleza vibaya unisamehe.

Alikuja binti mmoja na wakili wake. Binti mzuri, mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alinipa pole ya msiba wako kwanza, akakaa. Wekesa alikaa upande ule mwingine, kiti kitupu kati yetu. Nafula akaleta chai, akaweka vikombe bila kuniangalia. Binti akatoa tableti, nyembamba, inang'aa mpaka nikajiona usoni. Mkataba wote uko humo ndani. Wekesa alishausoma wote, akanisomea nami, kila kitu sawa. "Hapa chini, mama," binti akasema, "unaandika jina lako tu na kidole."

Nilisema Bismillahi. Ndiyo, Baba Rehema. Nilikuwa nimekata shauri kutia. Pale msikitini adhana ilipoisha nilijiambia, imetosha, mwache marehemu apumzike na wewe pumzika. Nikaweka kidole.

Kimya.

Nikaandika tena. Ilitokea nukta moja, ikapotea. Nikafuta mkono kwenye leso, nikajaribu. Hakuna. Binti akapangusa kioo na kitambaa chake kidogo. "Labda mkono una baridi, mama." Nikaupasha kwenye kikombe cha chai. Nikajaribu cha kati, nikajaribu gumba. Kioo kinaniangalia tu. Na mimi, nakuapia, sikuwa nimeelewa bado. Nilikuwa nafikiri, hizi mashine za siku hizi bana, zinajua kusumbua.

Kisha yule binti, kwa upole wote, akainama kidogo akaniambia, "Mama, lamba kidole. Kidogo tu, kitashika."

Wekesa alisikia. Alisimama polepole, macho chini, akasema, "Nitoke nje kidogo, Mama." Akatoka kwenye baraza akatupa mgongo, akaangalia geti. Binti hakuelewa, alidhani ana simu. Lakini mimi nilielewa, na Nafula aliyekuwa amesimama na birika alielewa. Wekesa, yule mtoto wa watu, alikuwa ananipa nafasi. Alijua nitalamba, akaondoa macho yake ili nisiaibike mbele yake, ili yaliyompata mama yako yasinipate mimi.

Ndipo nikaangalia mikono yangu. Ngozi imepasuka kwenye viungo. Ncha za vidole zimekuwa ngumu, nyeupe. Chini ya kucha kuna ule udongo wa Matulo ambao sabuni imeshindwa nao. Mikono yangu, Baba Rehema! Ya ofisi! Ile ambayo kila kioo duniani kingeikubali! Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka wakili akaweka kikombe chini, machozi yakanitoka, Nafula akaweka birika akanishika bega. Binti wa watu akaogopa, akasema, "Mama, kama ni kioo tu, tuna karatasi na kalamu kwenye gari."

Nikajipangusa. Nikamuuliza, "Mkishanunua, vioo vya Kapsokwony mtaweka vipi?"

"Kama hiki, mama. Hata bora zaidi."

"Na wale wanaokamua kule, na mikono yao?"

"Watazoea," akasema. Alisema kwa wema kabisa, hakukuwa na dharau hata chembe. Watazoea. Na ndiyo kweli, wangezoea. Wangekuwa wanafika asubuhi na mitungi yao, wakwe na mama wakwe kwenye foleni moja, kila mmoja anatoa ulimi. Baada ya muda hakuna angeona ni kitu.

Niliirudisha ile tableti mbele yake, polepole nisiikwaruze. "Binti yangu, maliza chai. Leo sitii sahihi."

"Mama, kalamu iko hapo nje tu."

"Najua iko. Kalamu ningeiweza."

Walimaliza chai, nikawasindikiza mpaka gari. Hawakukasirika. Binti aliniambia hawatarudi na bei ile, labda hawatarudi kabisa, nikamwambia nimesikia. Nikabaki getini na Wekesa. Akaniuliza swali la mhasibu, na ana haki ya kuliuliza. "Mama, plastiki ya msimu ujao tutanunua na nini?"

"Sijui," nikamwambia. Na unajua nini? Nilisema sijui huku nacheka, nikasikia sauti yako humo ndani nikashtuka.

Akatazama chini. "Nilidhani utalamba," akasema.

"Najua. Ahsante kwa kutoka."

Akachora mchanga na kiatu. "Basi Jumatatu twende Kapsokwony pamoja. Tuwaulize kama bado wanataka vyetu. Mimi nitapanda pikipiki yangu." Pikipiki yake, unasikia? Kiti kitupu hakikosi hata mlimani.

Usidhani nimetulia. Sijatulia. Pengine nimefanya ujinga na Rehema atanipigia kelele akitoka kazini. Pengine kabla ya mavuno mengine tutafunga wenyewe bila kulipwa na mtu. Vioo vyetu vinafifia bado, vijana watacheka bado, na mimi itabidi nitafute njia ambayo hata wewe hukuiona. Naogopa, Baba Rehema. Lakini jana nilikuwa nazunguka bila kujua natafuta nini, na leo nikizunguka najua nakwenda wapi.

Nilipoingia ndani, wote walikuwa wamesimama kwenye mlango wa chumba cheupe, kofia zao kichwani. Kwenye meza kulikuwa na vioo vya zahanati ya Bokoli, vimekamilika tangu Jumatano, vinangoja siku ya soko. Nafula akavuta kiti. Akakipangusa kwa aproni yake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza wiki hii.

"Mama Rehema," akasema, "tukopeshe kidole."

Nikaketi. Nimeketi, ndiyo, mimi! Nikabonyeza pembe ya kwanza, ikalia. Ya pili, ya tatu, ya nne. Nikabonyeza katikati, nikakiacha kidole pale muda mrefu kuliko inavyohitajika, na kikalia.

Lala salama Matulo, baba wa mtoto wangu, kwenye udongo huo huo ulio chini ya kucha zangu. Kesho asubuhi nakuja kupalilia maharagwe.

Ni mimi mkeo na mpimaji wako,

Mama Lehema